Mkono wa Susu, Kichwa cha Mtoto

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya Nunguni, foremani hakunipa randa wala msumeno. Alinipeleka nje, kwenye ngazi ya mbao iliyopanda hadi orofa ya duka. "Egemea hiyo nguzo ya mshikio na uzito wako wote," akasema. Nilisita. "Kama wewe fundi unaogopa, mteja afanye nini?" Mzee yule alikuwa mkali, lakini nilimpenda mapema.

Nunguni ni milima na ukungu. Mbao ya nje hunyonya maji wakati wa mvua, hunywea jua likiwaka, na msumari hulegea. Kwa hiyo nguzo tulizifunga kwa bolti zilizopenya ubavu wa ngazi hadi upande wa pili, na vichwa vya nguzo tukavikata mshazari maji yateremke. Methali ya "ajali haina kinga" foremani aliichukia. Alidai ilitungwa na fundi wa misumari. Kabla ya kutoa futi ya kupimia, alitaka vipimo viwili vya nyumbani: mkono wa mkubwa wa boma, ili vidole viuzunguke mshikio, na kichwa cha mtoto mdogo kabisa, ili kisipenye kati ya fito za ubavuni.

"Ngazi ni ya hao wawili," alisema. "Sisi wengine tunapita tu."

Nilifanya kazi Matiliku, kisha Kitui mjini, chini ya makontrakta wa kila tabia. Lakini nyumba nisiyoisahau iko Mbumbuni. Susu, yaani nyanya wa nyumba hiyo, aliishi orofani na macho yalikuwa yanamwisha. Mshikio wa ngazi ulikuwa ubao mpana, mzuri wa kutazama, usioshikika.

"Huyu mama haendi kanisa tena, ataanguka," mwanawe akaniambia. "Wewe fundi tengeneza geti hapo juu, tuweke kufuli."

"Kufuli ni ya mbuzi," Susu akajibu kutoka ndani. "Mimi ni mamako."

Nilimwonea huruma, na mwanawe pia, maana hofu yake ilikuwa ya kweli. Nikamwomba mwanawe tujaribu mshikio mwingine kwanza. Niliuchonga mpaka vidole vya Susu vikakaribia kugusana na gumba, nikaupitisha mbele ya kidato cha mwisho ili mkono ujue ardhi kabla ya mguu. Mwanawe alizitikisa nguzo zote kwa nguvu. Hakuna iliyocheza.

Jumapili Susu alishuka peke yake. Mwanawe alimngoja chini, mikono ameinyoosha. "Mwaitu, mama yangu, polepole!"

"Toka njiani," mama akamwambia.

Sasa nimestaafu na magoti yameniasi. Majuzi binti yangu, seremala kama mimi, alikuja kunitengenezea ngazi ya nyuma. Nikamkabidhi futi yangu. Akaiweka kando, akatoa kipande cha mbao ya saiprasi, cha kujaribia mshikio.

"Kwanza mkono wa mkubwa wa boma," akasema.

Niligeuka kumtafuta huyo mkubwa. Nyuma yangu hapakuwa na mtu.