Moshi wa Visu vya Sumaku

Kaka yangu wanamwita Sumaku, kwa sababu sumaku haimtoki mfukoni. Anafua visu nyuma ya nyumba yake, kutokana na springi za malori mabovu. Chuma kikiiva sawasawa motoni, sumaku haikishiki tena. Hapo ndipo anakichomoa na kukichovya kwenye mafuta ili kikaze. Kazi anaijua, sitamnyima haki yake. Wauza nyama wa soko zima hukata kwa visu vyake.

Ila ana kichwa kigumu, na kichwa hicho kilikuwa kinamuua mama yetu.

Mafuta yake yalikuwa oili chafu ya injini, anayopewa gereji. Kila akichovya kisu, moshi mweusi uliingia moja kwa moja kwenye dirisha la chumba cha mama, aliyehamia kwake baada ya baba kufariki. Miaka miwili mama anakohoa. Zahanati walisema ni moshi. Nilimwambia kaka mara ya kwanza kwa upole, ya pili kwa machozi, na ya tatu sikumbuki nilisema nini, lakini majirani wanakumbuka.

"Dada, mafuta mengine hayakazi chuma," alinijibu kila mara. "Muulize fundi yeyote."

Nikaenda kuuliza. Fundi wa mtaa wa pili akaniambia mafuta ya kupikia yanafaa kabisa kwa chuma cha springi. Jumamosi asubuhi nikamwekea kaka dumu la mafuta ya alizeti miguuni.

"Chovya. Kisipokaza, sifungui tena mdomo wangu."

Alininunia, lakini akayamimina kwenye debe refu. Kisha nikashangaa. Hakuchovya kisu moja kwa moja. Alitumbukiza kwanza kipande cha chuma cha moto ili mafuta yapate joto, akayapima kwa kidole, akaongeza kingine. Mafuta baridi ni mazito, alisema, hayapoozi kisu upesi. Ndipo akashusha kisu wima, bila kukiyumbisha. Kikatoka kimoshi chembamba tu. Alipopitisha tupa kwenye makali, tupa iliteleza kama juu ya kioo. Kisu kilikuwa kimekaza.

"Haya yote umeyajulia wapi?"

Akajitia anatafuta koleo.

"Kaka, nakuuliza!"

"Niliwahi kujaribu. Mwaka juzi."

"Na vikakaza?"

"Vilikaza." Akashusha sauti. "Sasa dada, fundi mzima mimi nionekane nakaanga visu kama viazi? Wenzangu wangenicheka mpaka mbavu ziwaume."

Damu ilinichemka. "Kicheko! Mama anakosa pumzi miaka miwili kwa sababu wewe unaogopa kicheko!" Nikamwita mwoga, nikamwita na mengine ambayo sitayarudia hapa na wala siyajutii. Ningekuwa na nguvu, ningemchovya yeye kwenye lile debe.

Tulikuwa tumelisahau dirisha. Mama alikuwa amesimama pale, ameshika nondo kwa mikono miwili, amesikia kila neno.

"Mwanangu," alimwambia kaka, bila ukali wowote, "kwa hiyo siku zote nilizokuwa nakuomba radhi kwa kukohoa, ulikuwa unajua?"

Kaka aliinamisha kichwa. Nikaingia ndani kukusanya nguo za mama.