Saa Kumi ya Fundi Majira

Kama uliwahi kumpelekea Fundi Majira saa mbovu, unajua kwamba kabla hajaitazama saa alikutazama wewe, na alikutazama vibaya. "Umeitia maji," angekwambia. Ukikana, alikasirika. Ukikiri, alikasirika vilevile, kwa kuwa ulijua na bado ukaitia.

Jina la Majira alipewa na wateja, maana hakuna aliyejua kutia saa majira, kuirudisha isome sawasawa, kama yeye. Chumba chake cha kazi kilikuwa chembamba, kimebanwa kati ya duka la viatu na duka la vifaa vya umeme, na ndani mlikuwa na meza moja, kiti kimoja, na ukuta mzima wa saa zinazogonga. Miaka ya nyuma watu walipanga foleni hapo. Siku hizi kila mtu anatazama saa kwenye simu, na wanaomjia wanataka betri tu. Hilo lilimchoma. Mtu akisimama mlangoni akachungulia simu yake kujua ni saa ngapi, mbele ya saa thelathini zilizotiwa majira kwa mkono, Fundi alimfokea kama mwizi. Na ukimwambia hasira hasara ndiyo unamwagia mafuta ya taa. Alikuwa ameshaambiwa hivyo na mamaye, mkwewe, na mhubiri, na hakuna aliyeondoka salama.

Nyumbani alirudi nazo zote. Aliwataja wateja mmoja mmoja, mwenye betri, mwenye maji, aliyeahidi kurudi asirudi, mpaka chakula kikapoa. Mkewe alimsikiliza. Alikuwa mkunga wa hospitali kubwa, mwaka wa ishirini na sita huo, mwanamke wa maneno machache na mikono ya moto. "Pole, baba watoto," alimwambia, akaondoa vyombo. Fundi alipokumbuka kumuuliza naye kazi ilikuwaje, jibu lilikuwa "nzuri tu", na yeye akaliamini, kwa sababu kuliamini kulikuwa kwepesi.

Basi jioni moja mkewe alivua viatu, akakaa, akasema jambo ambalo halikuwa la kawaida yake.

"Watu wa televisheni walikuja wodini. Wamenihoji mimi. Watanionyesha Alhamisi ya wiki ijayo, saa kumi jioni."

"Wewe?"

"Mimi. Lakini nitakuwa zamu, na wodini hakuna televisheni. Nimewauliza kama watarudia, wamesema hapana, ni mara moja tu." Alikuwa akijisugua vidole vya mguu. "Nirekodie, baba watoto. Sijawahi kujiona."

Miaka yote ile hakuwa amemwomba kitu cha kwake peke yake. Karo ya mtoto wao aliomba, bati la jikoni aliomba, lakini kitu cha kwake, hiki kilikuwa cha kwanza. Fundi akaahidi. Akaahidi kwa sauti ya ugomvi, kama kuna mtu aliyekuwa anambishia.

Kesho yake aliingia duka la jirani, kwa binti anayeitwa na mtaa mzima Dada wa Vifaa. Akamkuta anakula karanga.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nataka mashine ya kurekodi televisheni. Na usiniambie ninunue televisheni mpya!"

Binti hata hakuwa ametaja televisheni. Akafuta mikono, akatoa kibao cha kijani kisichozidi ukubwa wa kitambulisho. "Hii ni kompyuta, mzee. Bei rahisi, nzima kabisa. Unaichomeka nyuma ya televisheni. Ukiitia kadi hii ya kumbukumbu yenye programu, inakuchezea picha, muziki, video. Ukiiongezea kipokezi cha antena, inarekodi kwa saa unayoipangia."

Fundi akaigeuzageuza, akaivalia lenzi yake ya jicho. Alitaka kuidharau, akashindwa. Vile vijia vya shaba vilikuwa vyembamba kuliko unywele, na vilikuwa vimepangwa na mtu mwenye adabu. Hilo pia lilimuudhi.

Wiki nzima alipambana nayo. Mara ya kwanza aliipa chaja ya simu, ikawaka, ikazima, ikawaka, ikazima. Akairudisha dukani anatukana. "Umeme hauitoshi, mzee," binti akasema, akampa chaja yenye nguvu. Mara ya pili iliwaka vizuri lakini televisheni ikabaki nyeusi; alikuwa amechomeka waya kwenye tundu silo. Mara ya tatu kipokezi hakikuona hata stesheni moja, na antena ilikuwa imelala chini nyuma ya kabati. Kila mara alipiga kelele kwanza, ndipo akatafuta kosa.

Ila Jumatatu picha zilikaa sawa, na Fundi, ambaye hajui kufurahi kama watu wengine, akafanya kazi ya ufundi. Alichukua saa ya mezani iliyokufa, akaitoa mashine yake, akaiweka kompyuta tumboni mwake na kuitobolea matundu ya waya mgongoni. Uso wa saa akauacha. Mishale yake akaigandisha kwenye saa kumi kamili: mfupi kwenye nne, mrefu juu kwenye kumi na mbili. Mkewe alipoiona asubuhi alipitisha kidole kwenye kioo, akacheka bila sauti, akaenda kazini.

Lililobaki lilikuwa kupanga saa ya kurekodi. Angelifanya Jumatano jioni kwa utulivu, kama si shemeji yake kutokea.

Huyu alikuwa mdogo wa mkewe, dereva wa lori la saruji, na watu walimwita Rahisi kwa kuwa hakuwa na neno lingine. Ukimwonyesha mlima, rahisi tu. Akasimama nyuma ya kiti cha Fundi, akitafuna kijiti.

"Shemeji, mbona unajitesa? Rahisi tu. Kesho nitapita hapa saa kumi, niirekodi kwa simu."

"Kwa simu?" Fundi akageuka, rimoti mkononi. "Umsimamie dada yako na simu mbele ya televisheni, upige picha ya picha? Kichwa kikatike, sauti itoke kama mtu yumo ndani ya pipa?"

"Nasaidia tu, shemeji. Kwani unaandika saa ngapi hapo?"

"Saa kumi! Kipindi ni saa kumi! Miaka thelathini na nane natia watu majira, leo dereva wa saruji ananiuliza saa? Saa kumi, basi!" Na huku akisema, kidole kilikuwa kinabonyeza. Mwanzo. Mwisho. Hifadhi. "Toka! Na kesho usikanyage hapa na simu yako!"

Rahisi akatoka. Alikuwa amezoea.

Alhamisi Fundi alifunga duka saa tisa. Akaoga, akavaa shati la kuendea harusini, akakaa mbele ya televisheni. Stesheni aliitazama kwa antena ya televisheni yenyewe, kwa kuwa aliogopa kuigusa mashine ikiwa kazini. Nyuma ya kioo cha saa taa ya kijani ilikuwa inapepesa. Akaridhika.

Saa kumi kamili mkewe akatokea.

Alikuwa yeye, na hakuwa yeye. Kitambaa cha kichwa kilikuwa kimelalia sikio la kushoto. Aliongea juu ya mtoto aliyezaliwa umeme umekatika, akapokelewa kwa mwanga wa tochi iliyoshikwa mdomoni. Juu ya mama wa miaka kumi na sita aliyekataa kumwachia mkono mpaka kukacha. Fundi hakuwa amesikia hata kimoja. Alikaa ukingoni mwa kiti. Ndipo mtangazaji akauliza swali la mwisho.

"Na siku ikiwa mbaya, mkunga, ukifika nyumbani unamweleza nani?"

Mkewe akacheka kidogo, akivuta upindo wa aproni.

"Simwelezi mtu. Nyumbani kwetu hasira ina mwenyewe. Yangu naiacha hapa, kwenye ndoano, pamoja na aproni."

Mtangazaji akacheka, muziki ukapigwa, kipindi kikaisha.

Fundi aliwaka. Aliwaka kuliko siku yoyote ya maji wala betri. Mbele ya watu! Mume wake, aliyemfungia mashine katika saa kwa mikono yake, ameanikwa kama nguo ya ndani! Alizunguka chumba, akaipiga meza teke, akaumia kidole, akaitukana meza. Akataka kuisikia tena ile kauli, neno kwa neno, ili atakaporudi mwenyewe amwekee mbele ya macho na amuulize: hii nini? Ushahidi ulikuwa tumboni mwa saa. Akageuza televisheni kwenye mashine, akafungua rekodi.

Akatokea mwanamume mwenye tai, anarukaruka juu ya godoro.

Akasogeza mbele. Godoro. Akasogeza tena. Godoro jingine, la bluu. Nusu saa nzima, godoro.

Akapiga simu.

"Umeniuzia takataka!"

"Shikamoo kwanza, mzee," Dada wa Vifaa akasema.

"Marahaba! Umeniuzia takataka! Nimerekodi mke wangu, imenipa muuza magodoro!"

"Pole, mzee. Hebu tazama pembeni ya hiyo rekodi, pameandikwa saa. Nisomee."

"Kumi. Sufuri, sufuri. Saa kumi, kama nilivyoiandikia!"

Binti akashusha sauti. "Saa kumi ya jioni mashine inaiandika kumi na sita, mzee. Hiyo kumi yake ni saa nne asubuhi." Hakucheka, na afadhali angecheka.

Mganga hajigangi. Fundi Majira alikuwa anatazama uso wa saa aliyoigandisha yeye mwenyewe, mshale mfupi kwenye nne. Maisha yake yote aliona nne akasema kumi, na hakukosea hata siku moja. Jana alikuwa anafoka, kidole kikaandika alichokuwa anasema mdomo.

Akampigia Rahisi.

"Shemeji, kile kipindi... hukurekodi popote?"

"Si ulinikataza, shemeji? Niko barabarani na mzigo. Kwani mashine imekataa?"

Fundi akakata simu. Akakaa. Hasira ilikuwa bado imo, lakini kila alipotaka kuirusha haikupata wa kumpiga. Mkewe? Alisema kweli. Binti? Rahisi? Wote walikuwa wamekuja na msaada.

Kisha likamjia wazo, nami sitamficha. Nani anatazama televisheni saa kumi ya siku ya kazi? Mtaa ulikuwa mtupu. Rekodi haipo, wala kipindi hakirudiwi. Angeweza kumwambia mkewe alipendeza, alisema vizuri, basi. Lile la mwisho lingezikwa, na yeye ndiye kaburi lake.

Mkewe alifika saa moja jioni. Hakuvua viatu. Alisimama mlangoni, mkoba begani, akaitazama saa ya mezani kwanza, ndipo akamtazama yeye.

"Umerekodi?"

"Sikurekodi," Fundi akasema. "Niliandika saa siyo. Kosa langu. Si la mashine."

Alisubiri alie, au aseme. Mkewe aliuweka mkoba chini taratibu. Akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango kama mgeni.

"Haya," alisema baadaye. "Lakini uliona?"

"Niliona."

"Nilikuwaje?"

Akamweleza. Hakuwa na mazoea ya kusifu, kwa hiyo alimweleza kama anavyoeleza saa: kitambaa kililalia kushoto, sauti haikutetemeka, mkono wa kulia ulipanda kila alipotaja mtoto. Akaitaja tochi. Akamtaja yule binti wa miaka kumi na sita. Mkewe alisikiliza amefumba macho, na kwa muda mfupi uso ukamnyooka, kama anajiona.

Kisha akafumbua. "Na lile swali la mwisho? Niliwaomba walikate."

Hapo ilikuwa ni kusema neno moja tu. Walilikata. Lilikuwa limeshafika kwenye meno.

"Hawakulikata," Fundi akasema.

Mkewe akainamisha kichwa, akaanza kuvuta upindo wa gauni, vilevile kama kwenye televisheni. Alikuwa anangoja. Fundi akamwona akikaza mabega kungoja, akajua ameyaona mabega hayo kila jioni na akayadhani ni uchovu wa kazi.

"Leo kazini ilikuwaje?" akauliza.

"Nzuri tu."

Hasira ikampanda tena, ile ile, na safari hii ilikuwa yake mwenyewe kwake mwenyewe. Akaimeza. Haikumezeka vizuri. Hakusema kitu kuhusu betri, wala magodoro, wala Rahisi. Alikaa tu, mikono magotini, akangoja, mtu ambaye hajawahi kungoja chochote bila kukitukana. Kuku wa jirani waliingia bandani. Chakula kilikuwa jikoni na hakuna aliyekiulizia.

"Saa nne asubuhi," mkewe akaanza, kisha akasita, akamtazama kuona kama atamkatiza.

Hakumkatiza.

"Saa nne asubuhi tumempoteza mtoto. Nilikuwa nimemshika mimi."