Mbuzi Nyuma ya Mlango

Binti yangu huangusha vitu. Kikombe, penseli, kijiko, vyote humponyoka, na vifungo vya sare humpotezea asubuhi nzima. Daktari alitueleza kuwa akili yake ni timamu, ila mikono haimtii haraka. Majirani wakasema ni uvivu. Wakome.

Alipofika darasa la nne, mwalimu wa sanaa alimpa kazi ya kuchota maji ya kuoshea brashi. Wenzake wakichora, yeye alibeba ndoo. Niligundua kwa viatu: kila Alhamisi vilirudi nyumbani vimelowa, na kwetu Kanyangi mvua haina ratiba kama hiyo. Nikafunga kibanda changu cha mboga, nikaenda shuleni.

"Si hiyo ni kumsaidia, mama?" mwalimu alisema. "Lakini pia abebwaye hujikaza."

"Huyu hajabebwa bado," nikamjibu. "Amebebeshwa ndoo."

Akakubali shingo upande: binti yangu angechora mifugo kama wengine, na mchoro ungetundikwa siku ya wazazi. Kisha akaninong'oneza, "Lakini umsaidie huko nyumbani, ikuwe clean. Wazazi wote husaidia."

Ni kweli. Nimemwona baba mzima mwenye ndevu akikata makaratasi ya rangi huku mtoto wake akicheza mpira nje. Mimi nilikataa. Alama za darasa la nne ni za nini kwangu?

Nilibandika karatasi mezani kwa selotepu isimtoroke. Brashi nikaizungushia ukanda wa tyubu ya baiskeli, iwe nene, ishikike. Bado mistari ilimkimbia, akalia. Ndipo susu yake, mama yangu, aliyekuwa akisokota nyuzi za mkonge pajani kwa ajili ya kikapu cha kiondo, akamwita akae karibu. Unasukuma kwa kiganja kizima juu ya paja, basi. Vidole havina kazi ndogondogo za kubembelezwa. Uzi wa binti yangu ukatoka mnene huku, mwembamba kule. Akauchovya kwenye rangi, akaulaza juu ya karatasi na kuukandamiza. Mgongo wa mbuzi ukatokea. Nilipiga kigelegele, sikuona haya.

Siku ya wazazi, ukuta wa mbele ulijaa ng'ombe safi waliochorwa na watu wazima. Mbuzi wa binti yangu niliwakuta nyuma ya mlango. Hasira zilinipanda. Nikaubandua mchoro, nikautandaza juu ya meza ya mwalimu, wote waone.

"Mama, hiyo haijaisha," mwalimu akasema, wazazi wakisikia.

Nikamgeukia mwenye kazi. "Mwiitu wakwa, mwanangu, imeisha?"

Binti yangu akaitazama. "Bado mbuzi mmoja."

Akatoa uzi mfukoni. Kopo la rangi lilikuwa dirishani. Akauchovya, akaulaza, akaukandamiza kwa viganja vyote viwili. Rangi ikadondokea sare, sakafu, na kiatu cha mwalimu. Mimi nilishika karatasi tu, ingawa mikono iliniwasha kumsaidia.

Mwalimu akainama. "Mbona huyu ana miguu mitano?"

"Huo mmoja ni mkia, mwalimu," binti yangu akasema, bila kuinua kichwa. "Na bado pembe. Naomba maji ya kunawa."

Mwalimu alitutazama, akatazama kiatu chake. Kisha akachukua ndoo, akaenda bombani.