Kabureta Mbili za Bwana wa Diani

Plagi za injini zilikuwa za kijivu au nyeupe? Swali hilo lilininyima usingizi siku nne, na nyinyi mtakaocheka chekeni, maana wengi wenu hamjui hata plagi hukaa wapi. Lakini yaliyonifika Msambweni ni kweli tupu. Sikuwa na homa, na kileo sitii kinywani. Nina shahada ya sayansi. Kabla ya siku ile, mtu akinitajia mashetani nilimtazama kama ninavyomtazama mbuzi aliyeingia darasani.

Gari lilikuwa la spoti, la viti viwili, mali ya Mwingereza mmoja wa Diani. Mtu mjinga kupita kiasi. Alikuwa ameipeleka injini Nairobi ikachongwe, silinda zikapanuliwa, kisha akaja kwenye gereji ya mjomba wangu Hamisi na sanduku lenye kabureta mbili kubwa, kila moja mdomo wake kama kikombe cha chai. Alikuwa ameziona gazetini. Nilimweleza kwamba zile ndogo za zamani zingetosha: mdomo ukiwa mpana mno, hewa huingia kwa uvivu, petroli haichanganyiki vizuri, na injini hukohoa kila unapokanyaga. Akanijibu kwa Kiswahili chake cha jikoni:

"Wewe soma kitabu. Mimi endesha gari. Weka kubwa."

Mjomba akasema ziwekwe. Nikaziweka. Siku nne nikazungusha skrubu, nikazirudisha, nikazizungusha tena. Kila nilipochomoa plagi niliziona nyeupe, nikizigeuza kwenye mwanga naziona za kijivu. Kijivu ni salama; nyeupe maana yake petroli ni kidogo na moto ni mkali; pistoni huweza kutoboka gari likiwa kasini. Na aliyepangiwa kulijaribu Jumamosi mpaka Vanga, kwa barabara ile mbovu, ni binamu yangu Juma, mtoto wa pekee wa mjomba, mwenye mguu usiojua kukanyaga nusu.

"Unaiogopa injini kama mkweo," Juma alinicheka. "Msomi mzima!"

Katika gereji ya mjomba, adhana ya Ijumaa ikilia spana zote huwekwa chini na mlango hufungwa. Hata mteja mwenye haraka hungoja. Ijumaa ile mimi nilijificha nyuma ya gari mpaka wote wakaenda msikitini, nikatia komeo, nikawasha injini. Nilijiona nina akili kuwashinda wote.

Kabureta mbili hupatanishwa kwa sikio. Unatia ncha moja ya mpira sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, unasikiliza hewa inavyovuma, kisha unahamia ya pili. Mivumo ikilingana, umemaliza. Mimi kila nilipofika kwenye ya pili nilikuwa nimekwisha kuishuku ya kwanza.

"Toa hicho kimpira. Unampima mgonjwa?"

Mzee mmoja alikuwa amesimama upande wa pili wa boneti, amevaa kaptura ya kijeshi kama zile walizorudi nazo askari wa vita vya Burma. Hodi hakupiga. Nikamwamkia, "Shikamoo." Hakuitikia. Hapa kwetu hata mtu mliyegombana huitikia marahaba.

"Huko chuoni walikufundisha nini? Kuvaa soksi?"

Akainama, akagusa skrubu, robo huku, nusu kule, bila kusikiliza wala kutazama. Naapa, injini ikatulia pale pale. Kukohoa kukaisha. Ikawa inavuma kwa sauti moja, laini, sauti niliyoitafuta siku nne. Nikacheka kwa furaha, mpumbavu mimi.

Kisha akaweka viganja vyake juu ya midomo ya kabureta, kimoja hapa, kimoja pale, akaziba kabisa.

Unaelewa? Injini ikizibwa pumzi hufa. Hilo halina mjadala, halihitaji shahada. Hii haikufa. Ilizidi. Ikanguruma mpaka spana zikatembea mezani, na yeye ananitazama kwa dharau ile ile niliyozoea kuwatazamia wengine.

"Kesho mpe yule kijana," akasema. "Nimeupenda mguu wake."

Akainua mikono. Hapo ndipo injini ilipozimika. Viganja vilikuwa vikavu, havina hata tone la petroli. Nikaikodolea macho ile midomo iliyoachwa wazi. Nilipoinua kichwa hapakuwa na mtu. Komeo lilikuwa mahali pake.

Juma aliporudi kutoka msikitini aliiwasha tu, akapiga ukelele. "Ee! Msomi umetoa kitu! Kesho chai naenda kuinywa Vanga!" Mjomba akanishika bega, mara ya kwanza tangu nirudi nyumbani. Nikaanza kupanga sababu: huenda viganja havikuziba sawasawa, huenda ni joto, huenda ni njaa. Sababu saba, zote za kisomi, zote za kipuuzi.

Yaliyonipata baadaye nayasema sasa ili yaishe. Mwingereza alinitukana mbele ya watu. Mjomba alinifukuza. Juma hanisemeshi mpaka leo. Nasomesha hesabu Kwale, na nikisikia injini inavuma vizuri mno, kwanza natafuta mikono ya walio karibu nayo. Nawe unayesoma, kazi iliyokushinda ikinyooka ghafla kwa mkono usioujua, usikimbilie kushukuru. Mwangalie kwanza anayekwenda kuitumia.

Alfajiri ya Jumamosi Juma alikuja na ufunguo, anapiga mluzi. Alinikuta nimekwisha kuzifungua kabureta zote mbili, nimezipanga juu ya fuawe.

"Unafanya nini, we? Zirudishe! Umerukwa na akili?"

Kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikufikiri. Nikashika nyundo kubwa kwa mikono miwili, nikapiga ya kwanza. Juma akanirukia, akanivuta shati likachanika. Nikapiga ya pili.