Ngozi ya Punda wa Mzee Mwakio

Nakumbuka Jumatano moja ya kiangazi, siku tuliyompoteza punda wa Mzee Mwakio. Nilikuwa bado na nywele nyeusi, mwanangu, na majibu ya haraka.

Nilikuwa nikilisha wanyama katika kituo kimoja nje ya Voi, kilichookoa farasi waliotupwa na punda waliochoshwa na mikokoteni. Kiliishi kwa michango ya wafadhili. Majirani hawakutupenda sana. Mvua ilikuwa imekataa, na sisi tulikuwa tunanunua nyasi. Nikipita sokoni wanawake waliniita, "Mama Farasi! Sisi je, tuote kwato ndiyo mtulishe?" Wengine walicheka. Wengine hawakucheka. Tena kulikuwa na uvumi kwamba tunachinja punda kwa siri na kuuza ngozi, maana wakati huo punda walikuwa wakiibwa kwa sababu ya ngozi zao.

Mzee Mwakio alitoka Ronge. Punda wake ndiye aliyembebea maji, na sasa punda huyo alikuwa amevimba mguu vibaya. Alinitia kamba mkononi akasema, "Mama, nimemweka kwenu. Sijawapa."

Nikaitikia. Mimi ni wa huku huku, nilijua maana yake. Ukiwekewa mnyama wa mtu naye akafa, unamwita mwenyewe aje aone mzoga, au unampelekea ngozi. Ngozi ndiyo ushahidi kwamba hukumla wala hukumuuza.

Jumatano ile punda akafa. Wafadhili walikuwa wanakuja kesho yake, na msimamizi wetu akataka azikwe haraka, wageni wasione mzoga. Tukamzika na ngozi yake. Mchana mzee akapiga simu kuuliza hali. Hakuna aliyenituma kusema uongo, mwanangu. Niliusema mwenyewe.

"Anaendelea vizuri, mzee."

Jumamosi akaja na mzigo wa majani ya viazi begani, amemletea punda wake. Ndipo nikamwambia. Akautua mzigo chini, akauliza, "Ngozi iko wapi?"

Nikaonyesha chini.

Watu walikuwa wameshakusanyika getini. "Waulize wameuza pesa ngapi!" mmoja akapaza sauti. Ilibidi tufukue. La kuvunda halina ubani. Harufu ilitutoa machozi. Mzee akainama, akatafuta sikio la kushoto lililokuwa na pengo, akalishika. Akaenda getini bila kunawa.

"Hawakumuuza," aliwaambia. "Punda wangu yuko pale. Lakini huyu mama alinidanganya."

Yote mawili yalikuwa kweli. Watu walilibeba lile la pili. Hakuna aliyetuletea mnyama tena. Punda wenye vidonda walifia kwenye maboma ya wenyewe, na wengine niliwajua. Wafadhili nao wakasikia, wakachoka. Kituo kikafungwa, farasi wakapelekwa mbali, sikuambiwa wapi. Mpaka leo nikiona punda anachechemea barabarani nageuza uso, kwa kuwa sina pa kumpeleka.

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Ukipewa cha mtu ukitunze, na kikaharibika mikononi mwako, mwite mwenyewe siku hiyo hiyo, kabla hujatafuta maneno mazuri. Kifo cha punda wake, mzee angenisamehe. Alikuwa mfugaji, alishazika wengi. Wala usidhani kazi njema itakutetea. Yetu ilikuwa njema kweli, nami niliamini kwamba uongo mdogo unaweza kulala ndani yake usionekane. Sisemi haya kwa kuwa nimekuwa na hekima. Nimechoka kuyabeba tu, na sitaki uyabebe na wewe.

Mungu akupe ulimi usioogopa kupeleka habari mbaya, na akujalie watu wa kuzipokea.

Siku ile, kabla mzee hajaondoka, niliuokota mzigo wa majani nimrudishie. Hakuupokea.

"Wape waliobaki," alisema. Akaomba kamba yake tu, akaikunja, akashika njia ya Ronge.