Kondoo Kumi, Wakamuaji Thelathini

Barua iliyonitoa Bukoba ilikuwa fupi na ya kuudhi. Kijiji kimoja cha ujamaa nyuma ya Nshamba kiliandika kwamba kondoo wake wa maziwa "wamegoma", na kwamba kamati inaomba kibali cha kuwachinja. Kondoo hao kumi wa kigeni niliwapeleka mimi mwenyewe, bwana mifugo, baada ya ugonjwa wa kupe, ndigana, kumaliza ng'ombe wa kijiji, ili watoto wachanga waliofiwa na mama zao wapate maziwa. Kondoo hagomi. Mkuu wangu akanipa siku nne za kwenda kuona ni nani hasa aliyegoma.

Jumanne asubuhi niliondoka nyumbani Buhembe, nikapanda basi la Muleba. Tulipofika Kagoma tairi lilipasuka, na dereva akakumbuka kuwa jeki yake ameiazimisha. Wanasema ngojangoja huumiza matumbo; langu liliuma hadi saa saba, lilipotokea lori la kahawa. Nikafika Nshamba juu ya magunia, mweupe kwa vumbi.

Saa tisa alasiri, baada ya kushuka kwa miguu kati ya migomba, nilipokewa na mwenyekiti wa kijiji, Ta Kalokola.

"Karibu, Bwana Mifugo waitu. Tafuna kahawa kwanza, kondoo hawakimbii," alisema, akiniita "waitu" kwa heshima ya Kihaya.

Nikatafuna, maana kwetu mgeni akikataa kahawa amemtukana mwenyeji. Kisha akanipeleka ofisini kunionyesha orodha ya zamu ukutani, imeandikwa kwa mwandiko mzuri sana. Kaya thelathini, kila kaya ikamue siku moja.

"Hapa hakuna kondoo wa mtu," alisema kwa fahari. "Wote wanakamua sawa. Hiyo ndiyo haki."

"Haki kwa nani?"

"Kwa watu, waitu. Kwani kondoo naye ni mwanachama?"

Saa kumi na moja nilijionea hiyo haki. Kwanza walipiga rimu ya gari iliyoning'inia mlangoni pa zizi, kwa nguvu kama wanaita watu kwenye moto. Mbwa wakawafukuza kondoo hadi ukutani. Mwenye zamu alikuwa fundi seremala ambaye hajawahi kugusa kiwele. Wanaume wawili walimshikia mnyama miguu, naye akavuta chuchu kama anang'oa misumari. Nyuma ya uzio wanakondoo walilia. Kondoo walitetemeka, wakakojoa, wakabana maziwa. Kondoo kumi walitoa nusu kikombe, tena chenye manyoya.

"Unaona?" alisema mwenyekiti. "Wamegoma."

Nilipandwa na hasira. "Ungekuwa wewe, kila jioni anakuja mgeni mwingine kukuvuta miguu, ungetoa nini?"

Bibi mmoja alisogea na kikombe kitupu, mtoto mchanga mgongoni. Aliitwa Ma Anastazia. Binti yake alikuwa amefariki akijifungua mtoto huyo.

"Bojo, nakuomba mwanangu, usisaini hicho kibali," alisema. "Huyu anakunywa uji mwembamba tu, na unamharisha. Ng'ombe wa kibanja chetu cha migomba alikuwa na mkamuaji mmoja, na alimjua hata kwa sauti."

"Kwa nini hukuiambia kamati?"

"Niliwaambia. Wakasema nina mawazo ya kibepari."

Jumatano nilipiga marufuku rimu, mbwa na wavuta miguu. Wanakondoo wakaletwa karibu. Ma Anastazia akaingia peke yake, mikono ameipaka samli, akiwasemesha Kihaya polepole. Siku hiyo alipata vikombe viwili. Alhamisi asubuhi kondoo wa kwanza alisimama akicheua, na kibuyu kikakaribia kujaa. Mtoto alikunywa akalala mdomo wazi. Mimi, mtu mzima, nilifuta machozi nikisingizia moshi.

Furaha hiyo haikumaliza saa moja. "Vizuri sana!" alisema Ta Kalokola. "Sasa kaya zote thelathini ziingie zizini kila asubuhi zijifunze kwake."

Manahodha wengi, chombo huenda mrama. Nilimwambia hivyo kwa Kiswahili, nikamfafanulia kwa Kihaya, tukabishana hadi saa sita. Mwisho tulikubaliana: orodha ibaki ukutani, Ma Anastazia akamue peke yake, mwenye zamu akate majani nje ya zizi, kisha atie sahihi kwamba amekamua. Akaridhika. Haki ilikuwa haijaguswa.

Alasiri, wakati wa kurudi, niliandika ripoti nikingoja gari Kagoma. Nilikuwa nimeshaandika jina la Ma Anastazia nilipomkumbuka mkuu wangu. Kwake, anayesifiwa huhamishwa. Fundi nyuki hodari wa Muleba alipelekwa mbali kufundisha, na mizinga yake ikafa. Nikachana karatasi. Nikaandika kwamba maziwa yamepatikana kwa "zamu zilizopangwa vizuri na uongozi imara wa kamati". Nikaambatisha orodha ya zamu niliyoinakili ukutani. Niliona nimefanya ujanja mkubwa.

Ijumaa, Bukoba, mkuu alisoma akitabasamu. "Hii ndiyo kazi! Toa nakala za hiyo orodha ya zamu. Jumatatu anza kuzipeleka kwenye kila kijiji chenye kondoo wa maziwa."

Nilisimama pale, kofia mkononi. Nilikuwa nimeudhika siku nne nzima: na dereva, na mwenyekiti, na fundi seremala. Sasa aliyebaki wa kuudhi nilikuwa mimi. Nilijifunza kwamba kondoo akitendewa vibaya hasemi uongo hata kidogo. Hubana maziwa, na kila mwenye macho huona. Mimi niliona, nikajua sababu, kisha nikaandika kinyume.

"Mbona huondoki?" aliuliza mkuu.

"Ndugu," nilisema, "nipe hiyo ripoti. Na kabla sijakueleza, niahidi kwamba kuna bibi mmoja hutamhamisha."

Aliweka kalamu chini. "Bibi yupi?"