Sina Kasi, Mheshimiwa

Baba ya mtoto wangu ndiye mchuma chai hodari kuliko wote niliowahi kuwaona, na nasema hivyo ingawa tumeachana na sina sababu ya kumsifu. Mikono yake hukimbia juu ya michai wewe ukiwa bado unafunga aproni. Tulipokuwa pamoja upande wa Merigi nilijaribu kwenda naye mstari kwa mstari, na kabla sijafika katikati alikuwa amemaliza wake na kuanza kunicheka.

Ndiyo maana nilikasirika niliposoma hati yake ya kiapo. Nilikuwa nimemshtaki katika mahakama ya watoto baada ya binti yetu kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo mara ya tatu katika muhula mmoja. Mimi hushona sare za shule pale Silibwet. Nilikuwa nikiwavalisha watoto wa wenzangu sweta huku wangu ameketi kando ya cherehani akinakili daftari la rafiki yake. Sehemu yangu ya karo nilikuwa nimelipa. Ya baba ndiyo ilibaki. Mwalimu mkuu aliniambia kwa upole kwamba isipolipwa kabla shule hazijafunguliwa tena, nafasi ya binti yangu itapewa mwingine.

Baba aliapa kwamba hana kazi. Shamba ni la mama yake, namba ya chai, ile ya mkulima kule kiwandani, ni ya mama yake, malipo ya kiwanda huingia kwa mama yake. Kwenye karatasi alikuwa mtu mzima anayelishwa ugali na mzazi. Kuhusu namba hakudanganya. Kwetu kuna wanaume wenye mvi wanaochuma chini ya namba ya mzazi, bila karatasi hata moja yenye majina yao. Ila hakuandika kwamba akimaliza kwa mama huwachumia majirani, na hulipwa kwa kilo, mkononi.

Mimi nilijua, lakini mahakamani kujua kwangu hakukutosha. Niliwaomba majirani wawili waje kutoa ushahidi, na wote wawili wakakumbuka ghafla kwamba wana ng'ombe wa kukamua. Siwalaumu sana.

Hakimu alikuwa mama wa makamo, mgeni kwetu, mwenye Kiswahili kilichonyooka. Mara ya kwanza tulipofika mbele yake alitueleza jinsi anavyopima uwezo wa mzazi: umri, afya, ujuzi, kazi aliyoizoea, na kazi hiyo huleta nini katika eneo hilo.

"Si lazima nione hati ya mshahara," aliniambia. "Lakini lazima nione kitu."

Mimi nilikuwa na mdomo tu. Asubuhi ya kesi sikuweza hata kunywa chai.

Karani alimuuliza baba ya mtoto kama anataka mkalimani. Akakataa, maana alitaka ionekane kwamba Kiswahili anakijua. Sasa sisi Wakipsigis, herufi z hutusumbua. Hata mimi nikikasirika hunitoka s.

"Mheshimiwa, mimi sina kasi," alisema.

Hakimu aliinua kalamu. "Huna kasi?"

"Sina kasi kapisa."

"Kwa hivyo mkono wako ni mzito. Kwenye chai wewe ni wa polepole."

Mpaka leo sijui kama alisikia vibaya au alikuwa mjanja. Mkalimani, aliyekuwa bado ameketi pale, alifungua mdomo arekebishe, lakini mwenzetu alikuwa ameshachomwa na neno hilo.

"Nani, mimi? Wa polepole? Mheshimiwa, uliza kituo chote cha chai! Hakuna mtu ananishinda. Kilo hamsini natoa kabla ya saa saba, hata mvua ikinyesha. Wiki hii peke yake nimeitwa mashamba manne!"

Watu waliokuwa nyuma waliangua kicheko. Hakimu hakucheka.

"Manne," alisema akiandika. "Pamoja na la mama yako?"

"Hilo ni la tano," alijibu, na hapo ndipo nilipomwona akisikia alichosema.

Hakimu alimuuliza taratibu kilo moja huko huchumwa kwa ngapi, na siku ngapi kwa wiki. Angerudi nyuma vipi? Alijibu yote. Kisha hakimu akanigeukia mimi, nami nikasema yangu bila kuficha, hata msimu ambao sare hununuliwa kwa wingi. Alasiri aliamua kwamba mwenye mikono ile hawezi kujificha nyuma ya namba ya mama yake. Alipe nusu ya karo, moja kwa moja shuleni, na miezi ya kiangazi chai inapopungua alipe kidogo kidogo. Nilikuwa nimejiandaa kwa kushindwa tu, na sikujua mtu aliyeshinda huweka mikono wapi.

Nje baba ya mtoto alinifuata. Nilidhani atanitukana.

"Mama Chebo, umefurahi?"

"Nimefurahi."

"Lakini wewe si unajua mimi si wa polepole?"

"Najua, Baba Chebo," nikasema, na nikacheka hadi nikaushika ukuta. Hata yeye alitabasamu kidogo, kwa shingo upande.

Wiki moja kabla shule hazijafunguliwa, mwalimu mkuu alinipigia simu kwamba karo imefika. Binti yangu alikuwa akiosha vyombo. Nikamwambia apange sanduku. Hakurukaruka kama nilivyotarajia. Aliweka sufuria chini akaniuliza ni nani amelipa.

"Baba yako."

"Nani?"

"Baba yako amelipa."

Alifuta mikono kwenye sketi akaenda kutafuta sanduku. Nikamfuata hadi mlangoni nikamwambia tena, ingawa hakuuliza, kwa sababu hata mimi nilitaka kulisikia neno hilo.